Mume hataki kuelewana wala hataki kuachana, nifanyeje kesi isonge?

Binti_Salama
Habari zenu wanajukwaa. Nimefungua shauri la talaka, mwenzangu akapelekewa wito, akafika, akajibu. Tangu hapo ni danadana. Leo anasema nyumba nichukue mimi, yeye abaki na kiwanja. Makubaliano yakiandikwa anayarudisha: kiwanja na nusu ya nyumba. Yakirekebishwa, anataka na gari ninalopelekea watoto shule. Kwa msuluhishi aliitikia kila kitu kwa adabu zote, tulipotoka akanisogelea kwenye korido: "Sisaini ng'o, na utazeeka ukisubiri." Tarehe ya mahakama ikikaribia, ama anaumwa ama kabadilisha wakili, na wakili mpya anaomba muda asome jalada.

Wakili wangu anasema tumpe muda, atalainika. Mimi sioni dalili. Huyu mali haimsumbui, anachotaka ni niendelee kuitwa mke wake. Kuna njia ya kusonga bila saini yake? Nimefikia hata kutaka kumwachia nyumba yote ili yaishe.

Mzee_wa_Masijala
Pole sana binti yangu. Nimestaafu ukarani wa mahakama, majalada ya namna hii nimeyabeba sana. Saini yake inatakiwa kwenye makubaliano tu. Hukumu inasainiwa na hakimu. Kugoma kwake kunazuia mapatano, hakuzuii kesi, ila upande wako ukikaa kumngojea ndipo anaposhinda.

Mwambie wakili wako aache kukubali kesi itajwe na kutajwa tena bila kusikilizwa. Aombe ratiba: lini kila upande uwe umewasilisha nyaraka, lini orodha ya mashahidi, lini kusikilizwa. Mwenzako akiomba ahirisho, wakili wako asimame apinge, aombe gharama za siku hiyo, na aombe iandikwe kuwa hilo ni la mwisho. Hata akikataliwa, yanabaki kwenye kumbukumbu. Hakimu akifunua jalada akakuta kila ukurasa ni udhuru wa mtu yule yule, hahitaji kuambiwa.

Asipofika kabisa, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja, mradi kuwe na uthibitisho kwamba aliitwa. Hapo msifanye haraka. Wito ukiwa na dosari, atarudi baadaye kuomba hukumu itenguliwe na mtaanza upya. Na hata akiwa hayupo, bado utatakiwa kuthibitisha madai yako.

Kiwanja mkiombee zuio mapema, kabla hajakiuza. Akificha akaunti, mahakama inaweza kumwamuru azitaje, hata benki ikaamriwa kuleta taarifa. Mlango wa mapatano msiufunge: mpelekeeni pendekezo moja la maandishi lenye siku ya mwisho, huku tarehe ya kusikilizwa ikiwa imeshapangwa. Nimeona wengi wakipata kalamu asubuhi ya ushahidi, mlangoni kabisa.

Kaka_Mtulivu
Mimi kwangu aliyegoma alikuwa mke. Sheria za kwetu ziliruhusu talaka itolewe kwanza na mali ifuate, nikaomba hivyo. Ule ugomvi wa "bado wewe ni wangu" ukakosa chakula. Lakini muulize wakili kwanza utapoteza nini ukiacha kuwa mke kabla ya mali kugawanywa: bima ya afya, mafao, haki ya kurithi.

Na akikutumia meseji za ugomvi usiku, usizijibu. Mimi nilikuwa naandika, "Watoto nitawafuata saa kumi. Mengine zungumza na wakili." Basi. Usizifute, hizo ni ushahidi. Zikiwa za vitisho, usingoje tarehe ya kesi, omba ulinzi sasa hivi.

Shangazi_Mkali
Kabla hujamwachia nyumba: mkopo uko kwa jina la nani? Maana mahakama inaweza kumpa yeye nyumba, na benki bado ikaendelea kukudai wewe kwa sababu ulisaini mkataba wao. Benki haifungwi na talaka yenu. Atahama humo, ataacha kulipa, utapigiwa simu wewe.

Binti_Salama
Asanteni sana. Shangazi umenishtua, mkopo ni wetu wote wawili. Hiyo habari ya kuachia nyumba naiweka pembeni kwanza. Mzee, na wakili akishikilia "tumpe muda"?

Mzee_wa_Masijala
Usimpigie, mwandikie. Muulize lini ataomba tarehe ya kusikilizwa, na kama haombi, sababu ni nini. Akikujibu kwa hoja, msikilize, wakati mwingine kuna nyaraka inasubiriwa kweli. Akikujibu kwa "tuvumilie", tafuta mwingine. Ila fanya hivyo sasa, kabla tarehe haijapangwa, usije ukawa wewe ndiye wa kuomba ahirisho.