Nani kawaambia wahadhiri wetu kwamba uchumi ulianza 1776?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Swali la jaribio: "Eleza chimbuko la fikra za uchumi wa kisasa." Nikajaza kurasa tatu. Karatasi imerudi jana, ukurasa wa kwanza wote umepigwa mstari mwekundu, pembeni pameandikwa: "Hii ni historia ya dini. Anza na Adam Smith," yaani yule Mskoti aliyetoa kitabu cha Utajiri wa Mataifa mwaka 1776. Nimepata 4 kati ya 20.

Historia ya dini kivipi? Nilimwandika Ibn Khaldun, msomi wa Kiislamu, mzaliwa wa Tunis. Mwaka 1377, akiwa amejitenga kwenye ngome moja huko Algeria ya leo, aliandika kitabu chake Muqaddimah. Humo anachukua ngano ya kula siku moja tu, halafu anahesabu: kuna kusaga, kuna kukanda, kuna kuoka. Kila kazi ina vyombo vyake, kwa hiyo wanaingia mhunzi, seremala na mfinyanzi. Mtu peke yake hawezi, ila wakisaidiana wanapata chakula cha kuwatosha wao na wengine wengi zaidi yao. Kama huo si mgawanyo wa kazi, ni nini? Smith na mfano wake wa kiwanda cha pini, watu kumi wakigawana kazi wanatoa pini 48,000 kwa siku, amekuja miaka 399 baadaye!

Na kodi je? Ameeleza kwamba dola ikiwa changa hutoza kidogo na hazina hujaa. Ikizeeka, anasa imezidi, inapandisha viwango, watu wanakata tamaa ya kuzalisha, mapato yanaporomoka. Hiyo ni dini?

Sisemi Smith alinakili. Namheshimu sana, na ndiyo maana inaniuma, kwa sababu yeye mwenyewe hakudai kaanza peke yake. Quesnay, tabibu wa jumba la mfalme wa Ufaransa, alichora mzunguko wa mali mwaka 1758. Smith alikutana naye Paris, na alikusudia kumtunukia kitabu chake, ila mzee akafariki 1774. Kabla yao, mwaka 1556, Azpilcueta, kasisi na msomi wa Salamanca huko Hispania, alishaeleza kwa nini bei zilipanda Hispania baada ya dhahabu na fedha za Amerika kumiminika. Naye nilimwandika. Naye kapigwa mstari.

Nimeomba karatasi isahihishwe upya, nimeambatanisha na nakala ya sura yenyewe ya Muqaddimah. Idara wananizungusha. Aliyewahi kufanikiwa kwenye hili aniambie alianzia ofisi gani.