Hashi ya DVD haifanani na ya faili la ISO, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nimechoma DVD-R ya picha na vyeti vya ukoo. Mzee anataka ikae kabatini miaka mingi. Kabla ya kuchoma nilipiga sha256sum (amri ya kukokotoa hashi, yaani alama ya kuhakiki kwamba data haijabadilika) kwenye faili la ISO, lile faili moja lenye kila kitu cha kuchomwa kwenye diski, nikaandika hashi kwa kalamu kwenye kasha. Nilipoipiga kwenye /dev/sr0, yaani diski yenyewe ikiwa ndani ya draivu, ikatoka tofauti kabisa.

Nikachoma ya pili kwa kasi ya 4x, mambo yaleyale. Ajabu ni kwamba diski zote mbili zinatoa hashi moja, na picha zinafunguka vizuri. Nikaja kuangalia ukubwa: ISO ina baiti 3,909,099,520, diski inasoma 24,576 zaidi, na hizo za mwisho ni sifuri tupu. Nikikata kwa head -c (amri ya kuchukua baiti za mwanzo tu) hadi urefu wa ISO, hashi inalingana herufi kwa herufi.

Nahisi ni DVD inajaza hadi kipande cha sekta 16 (sekta ni sehemu ndogo ya data kwenye diski) kitimie. Niko sahihi? Na kwenye kasha niache hashi ya ISO pamoja na idadi ya baiti, au niandike ya diski nzima? Naogopa draivu nyingine isije ikasoma mwisho wake tofauti.