Naomba ushauri: nisimamie vipi mradi wa utafiti wa mwanafunzi bila kuugeuza kuwa wangu?

Mwalimu Chaki (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari. Muhula huu nimekabidhiwa wanafunzi 11 wa kidato cha tatu, na kila mmoja anatakiwa afanye mradi wake mwenyewe wa utafiti na kuwasilisha ripoti baada ya wiki 12. Kazi hii niliifanya pia mwaka jana, na ninakiri kwamba sikuifanya vizuri. Mwanafunzi mmoja aliniletea mada ya uchafuzi wa maji, na nilipoona wiki ya nne inapita akiwa bado anazungukazunguka, nilimtungia swali, nikamchorea jedwali, na mwishowe nikamnyooshea hata hitimisho. Alipata alama za juu. Siku ya uwasilishaji mwalimu mmoja alimwuliza kwa nini kila sampuli aliipima mara 3 badala ya mara moja, naye hakujibu neno, akageuza shingo akanitazama mimi. Mwanafunzi mwingine nilimwacha peke yake kabisa, kwa kudhani kwamba hiyo ndiyo maana ya kujitegemea, na wiki ya mwisho akaniletea kurasa 19 ambazo karibu zote alizinakili kwenye intaneti.

Safari hii nimeletewa mada kama "Athari za simu kwa vijana", "Nishati ya jua" na "Msongo wa mawazo miongoni mwa wanafunzi". Kijana mmoja tu ndiye aliyekuja na kitu cha kushikika: anataka kujua kama mbegu zilizolowekwa usiku kucha huota mapema kuliko zisizolowekwa, na tayari ameandaa makopo 2, kila kopo na mbegu yake moja. Maabara yetu ina vifaa vichache. Ninachoomba kwenu ni hiki: mkono wa msimamizi uishie wapi, ili mradi usimfie mwanafunzi mikononi na wakati huohuo usigeuke kuwa wangu?

Mstaafu wa Maabara

Mwalimu, pole kwa majukumu. Kwa maoni yangu kosa la mwaka jana halikuwa kumsaidia yule mwanafunzi, ila ulimsaidia mahali ambapo alipaswa kuhangaika mwenyewe. Hayo uliyoletewa ni mada tu, bado si maswali, na mada haina mwisho; mtu anaweza kuisoma miaka 10 asijue amefika wapi. Kazi yako ya kwanza ni kuipunguza, lakini uipunguze kwa kuuliza. Mwanafunzi wa simu mwulize ni athari gani anayoisema. Atajibu kwamba ni kwenye masomo. Mwulize kama ni kufaulu au kukumbuka. Atasema kukumbuka. Mwulize atajuaje kwamba mtu amekumbuka. Hapo atanyamaza, na ukimya huo usiujaze wewe. Mpe siku 2.

Wengi hurudi na jambo linalofanana na hili: washiriki wapewe orodha ya maneno 20 waisome kwa dakika 2, mara moja simu ikiwa mezani imelazwa kifudifudi, mara nyingine ikiwa chumba kingine, kisha waandike wanayoyakumbuka na mtafiti ayahesabu. Orodha ziwe 2 zenye ugumu unaolingana, na nusu ya washiriki waanze na simu mezani ilhali nusu nyingine waanze bila simu, kwa sababu mtu akirudia jaribio huwa ama amelizoea ama amechoka, na yote mawili yanaharibu ulinganisho. Karatasi, kalamu na saa vinatosha.

Kuhusu makopo, mbegu moja ikichelewa hujui kama imechelewa kwa kutolowekwa au ilikuwa mbovu tangu awali. Aweke walau mbegu 30 kila upande, zitoke mfuko mmoja, ziwe mahali pamoja, zipewe maji kwa kipimo kimoja. Kabla hajaanza aandike daftarini maana ya "kuota". Wataalamu wa mbegu mara nyingi huhesabu kwamba mbegu imeota mzizi unapochomoza milimita 2. Yeye anaweza kuchagua kigezo kingine, mradi asikibadilishe katikati. Na kwa kuwa udongo huuficha mzizi, kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani kitamfaa kuliko kopo. Kuna jambo moja ambalo sikushauri umwambie, bali umwulize: saa ianze kuhesabiwa lini, mbegu inapoingia majini au inapowekwa kwenye kitambaa? Jibu la swali hilo dogo linaweza kupindua matokeo yote.

Bibi Takwimu

Ninakubaliana na mzee hapo juu, ila ninaongeza onyo kwa wale wanafunzi ambao watakimbilia dodoso, nao watakuwa wengi kwa sababu dodoso linaonekana rahisi. Nimesoma madodoso ya wanafunzi kwa miaka mingi, na makosa ni yaleyale. La kwanza ni swali linalomshika mhojiwa mkono na kumpeleka kwenye jibu: "Je, huoni kwamba simu inakuharibia masomo?" Nani atasema haoni? Heri aulize, "Jana, tangu ulipotoka darasani hadi ulipolala, uliishika simu kwa muda gani?" Jibu la jana linakumbukika, jibu la "kwa kawaida" hubuniwa papo hapo. La pili ni kuwahoji marafiki zake 10 kisha kuandika "vijana wanaamini kwamba". Awape kwanza watu 3 wasiokuwa kwenye utafiti wajibu dodoso hilo mbele yake, aone ni swali lipi linawafanya wakunje uso, alirekebishe, ndipo aligawe.

Mada ya msongo wa mawazo, mwalimu, ningeizuia kwa namna ilivyo sasa. Mtoto hapaswi kukusanya siri za watoto wenzake. Tuseme mmoja anaandika kwamba anataka kujidhuru, na karatasi haina jina: mtafiti wako mwenye umri wa miaka 16 atafanya nini na karatasi hiyo? Utafiti wowote unaowahusu watu unahitaji ridhaa yao, na wakiwa chini ya umri wa utu uzima unahitaji pia ridhaa ya wazazi au walezi, pamoja na idhini ya shule kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Anaweza kubaki karibu na mada yake kwa kupima kitu kisichochimba mioyo ya watu, kwa mfano saa za kulala katika juma la mitihani na juma la kawaida, kwa shajara fupi ambayo kila mshiriki anaijaza mwenyewe asubuhi. Hata huko ridhaa ni lazima.

Mama Wawili

Mimi ni mzazi, si mwalimu, na ninaomba radhi kwa kuingilia. Mwanangu wa kwanza alipopewa mradi kama huo, ubao wa maonyesho niliupamba mimi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, na nusu ya maandishi yalikuwa yangu. Sikuwa na nia mbaya. Shule haikutuambia lolote isipokuwa tarehe ya mwisho. Mwalimu, tuandikieni wazazi mapema barua ya mistari michache mkituambia tunachoruhusiwa kufanya na tusichoruhusiwa. Mkono wa msimamizi mnaujadili, lakini wa mzazi ndio mzito zaidi.

Aliyepitia Huko

Shikamoo mwalimu, na shikamooni wakubwa wote mliotangulia.

Mimi sasa ninasoma chuo. Nikiwa kidato cha tatu mradi wangu ulikuwa wa pendulo: jiwe, uzi na saa ya kusimamishia, nikitaka kujua urefu wa uzi unabadilishaje muda wa kubembea. Nilipima mbembeo mmoja wa kwenda na kurudi kwa uzi wa mita 1, nikapata sekunde 1.8, kisha 2.2, kisha 1.9. Nikamwendea msimamizi nikamwambia saa imeharibika. Hakunitajia kosa langu. Aliniuliza tu, "Kidole chako huchelewa kiasi gani kuibonyeza?" Nikaenda nikakaa na swali hilo jioni nzima, nikikiangalia kidole.

Kesho yake nilipima mibembeo 20 kwa mkupuo mmoja, nikagawanya kwa 20, na ule ucheleweshaji wa kidole ukagawanyika nao. Nilipata sekunde 2 na vipande vidogo sana, na nilipoufupisha uzi hadi sentimita 25 nikapata karibu sekunde 1. Urefu ulikuwa robo, muda ulikuwa nusu. Sikuwa nimefundishwa kanuni yenyewe bado, na nilipokutana nayo kitabuni baadaye niliisoma kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe. Msimamizi angeniambia "pima mibembeo 20", ningeifanya vilevile na kupata namba zilezile, na siku ya uwasilishaji ningemgeukia kama yule mwanafunzi wako alivyokugeukia.

Msomaji wa Usiku

Mwalimu, umeuliza mkono uishie wapi, nami ninaona inafaa kutazama mahali ambapo swali hilo limekwisha kuandikiwa kanuni. Katika programu ya Diploma ya International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa miaka ya mwisho ya sekondari, kila mwanafunzi huandika insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000. Msimamizi anashauriwa atumie takriban saa 3 hadi 5 kwa mwanafunzi mmoja. Anaruhusiwa kutoa maoni juu ya rasimu kamili moja tu, bila kuihariri. Na mwishoni kuna mazungumzo mafupi ya ana kwa ana kuhusu kazi yenyewe. Huhitaji kuwa katika programu hiyo ili uazime mipaka yake. Rasimu moja, maoni pembeni, kalamu nyekundu ikae mbali na sentensi za mwanafunzi.

Jingine ni kuhusu matokeo. Wanafunzi wengi huamini kwamba mradi usiothibitisha walichokitarajia umeshindwa, na hapo ndipo namba huanza kupikwa. Wasimulie habari ya Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Baadaye alimwuliza swali hilohilo mwanafizikia Denis Osborne alipotembelea shule yao, Osborne akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Habari hii husimuliwa mara nyingi, lakini wasimuliaji huishia hapo, na mimi ninapenda zaidi sehemu inayofuata. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio ambayo hayakuuona mwujiza huo, wakaonyesha kwamba kupandisha au kushusha kipimajoto kwa sentimita 1 hivi ndani ya chombo kunaweza kuleta tofauti inayofanana nao. Mjadala haujafungwa. Mwanafunzi akijua kwamba mahali pa kuweka kipimajoto pameweza kuwasumbua wanasayansi, hataona aibu kuandika kwamba kipimo chake kilimsumbua.

Mwalimu Chaki (mleta uzi)

Ninawashukuru nyote, na kwa mama hapo juu, barua kwa wazazi nimekwisha kuiandika. Bado nina swali la akili mnemba, kwa sababu wanafunzi 2 tayari wameniletea utangulizi ambao ninajua hawakuuandika wao.

Bibi Takwimu

Usipoteze muda kuwinda. Dai daftari la mkono lenye tarehe, ambamo kila kipimo kimeandikwa siku kilipochukuliwa, pamoja na makosa yaliyokatwa kwa mstari mmoja bila kufutwa. Kisha kila baada ya wiki 2 keti naye dakika 10, chagua namba yoyote daftarini, mwulize ilipatikanaje. Aliyepima atakusimulia hadi hali ya hewa ya siku hiyo.

Mwalimu Chaki (mleta uzi)

Ninarudi baada ya siku 9. Wa simu amefika kwenye jaribio la kukumbuka maneno, na orodha zake ameziandaa mwenyewe. Wa nishati ya jua bado anazunguka, nami ninajizuia. Kijana wa mbegu ameweka 30 kwa 30 kwenye vitambaa, na suala la saa alilitatua kwa kurekodi nyakati zote mbili. Leo amekuja na jambo ambalo mimi mwenyewe limenikwamisha: kati ya zilizolowekwa, 4 zimeoza na hazitaota kamwe. Anauliza kama aziingize kwenye wastani au azitoe. Nimemwambia nitamjibu kesho, na ukweli ni kwamba nilikuwa ninakuja kuwauliza ninyi.

Bibi Takwimu

Haziwezi kuingia kwenye wastani wa muda, kwa kuwa hazina muda. Wala hazipaswi kutoweka. Aandike mambo mawili mbalimbali: ni mbegu ngapi zimeota kati ya 30 kwa kila upande, na kwa zilizoota tu, zilichukua saa ngapi. Huenda kulowekwa kunaziharakisha mbegu nyingi na kuziozesha chache, na wastani peke yake usingemwonyesha hilo. Ila kesho usimpe jibu hili. Mwulize wastani unamwambia nini kuhusu zile 4, kisha nyamaza.