Gitare ya baba iko juu ya kabati na mi naingia retreti mwezi wa saba. Nijifunze ao niipe mutoto wa kaka?

Mwalimu_Kamalondo

Jambo kwenu bote. Mi ni mama wa Lubumbashi, nimefundisha masomo ya musingi miaka mingi, zaidi darasa la tatu na la ine, na mwezi wa saba batoto bakisha kupokea biletini njo nafunga kazi, nitakuwa na miaka 65. Mu nyumba bote banauliza mama utafanya nini, moja anasema fuga kuku, mwengine anasema nenda ku shamba ya Kipushi uangalie mahindi, na mi niko na kitu mu roho chenye sijaambia mutu.

Baba yetu alitumika ku reli. Gitare yake aliinunua 1958, muji ungali unaitwa Elisabethville. Alikuwaka anapiga na vidole mbili tu, gumba na kile cha kuonyesha, vile bazee ba Katanga balikuwaka banapiga: gumba inatembea chini haisimame, kile kingine njo kinaimba. Hakuipigaka ku bare wala ku fete ya ndoa. Kwetu gitare inatoka mu nyumba siku moja tu, siku ya kumaliza kilio. Mutu akikufa tunalia, tunazika, kisha miezi jamaa yote inarudi, tunapika bukari, tunakaa mu kiwanja, na mbele ya kugawanya vitu vya marehemu baba anapiga wimbo moja murefu wa majina, kuanzia bale bazee ba ku Luapula mupaka huyu mwenye tunamumalizia. Jina lake njo linakuja mwisho. Likisha kuimbwa, bwana ao bibi mwenye kubaki anavua nguo ya kilio.

Baba alipokufa yaya yangu, kaka mukubwa, njo alichukua gitare. Siye babinti hatukufundishwa hata siku moja, tulikuwa tunasikia toka jikoni. Sasa yaya naye alikufa mwaka jana mwezi wa kumi, na ku kilio tuliiweka juu ya kiti pembeni ya sanduku, hakuna mutu aliigusa. Tunamaliza kilio chake mwezi wa nane.

Jana usiku niliishusha. Ile kriyon yenye baba alikuwa anafunga ku shingo pa kupandisha sauti ingali pale na kipande cha shambrere ya kinga (baiskeli), na iko na alama za meno yake, juu alikuwa anaishika mu kinywa wakati anavuta lastiki. Na kaye yake, daftari, iko mu mufuko, majina yote kwa mukono wake, kisha jina lake mwenyewe lenye yaya aliandika na biki ya bluu. Chini yake kuko mustari mutupu.

Mutoto wa yaya anaishi Kolwezi, ananiambia "shangazi, ile gitare ni ya papa, naomba niipachike ku ukuta mu salo". Hajue kupiga. Ni mutoto muzuri, ndiye alilipia dawa za baba yake mupaka siku ya mwisho, sitaki tugombane. Lakini mi nataka kujifunza, nimesema sasa. Ule wimbo moja tu, mbele ya mwezi wa nane, niite jina la kaka yangu mimi mwenyewe. Baba mudogo mwenye angali muzima anasema gitare haikuingiaka mu mikono ya banamuke, mila ni mila. Tena vidole vyangu vimeanza kukauka, asubui hata choki naishika na shida.

Munishauri. Niipe mutoto ao nijifunze? Na ile kaye, niiandike upya mu Kifaransa juu ya bajukuu benye bako Kinshasa na Afrika ya Kusini, ao niiache mu Kiswahili ya baba na maneno yake ya Kibemba?

Tonton_Katuba

Mama, mbele ya yote usikaze waya hata moja! Mi natengeneza magitare. Gitare ya 1958 yenye imelala juu ya kabati, shingo yake inaweza kuwa imepinda, na ukikaza kwa nguvu shevale, kile kipande cha chini chenye kushika waya, inang'oka na kubeba ubao. Angalia kwanza kama kuko waya zenye bazee balikuwa banatosha mu kamba ya freni ya kinga, zile tosha zote, zinavuta sana na zinakata vidole. Tia waya laini, namba 10, kisha uishushe toni moja chini ya kawaida. Wimbo hautaharibika, na ile kriyon njo itakurudisha ku sauti ya baba, ndiyo kazi yake.

Jambo la pili, sasa tunaingia mu kiangazi, mupaka mwezi wa tisa hewa ya hapa Lubumbashi inakausha ubao unapasuka. Chukua sponji, ilowanishe, kamua mupaka isitone, uitie mu kisanduku cha sabuni chenye matundu na uiweke mu mufuko pamoja na gitare. Usiiweke ku jua kabisa.

Vidole: chovya mu maji ya moto dakika tano, kisha piga dakika 15 asubui na 15 mangaribi. Kukiwa maumivu ya kiungo simama, ile ya ngozi inapita kisha wiki tatu. Anza na gumba peke yake, siku kumi gumba tu, mupaka itembee bila wewe kuifikiria. Benye banaharakisha kidole cha juu hawafikake.

Bukavu_moya

Mama shikamoo. Mi nitasema kinyume kidogo na munisamehe. Kujifunza jifunze, hakuna mutu anaweza kukukataza mu nyumba yako. Lakini kupiga ku kumaliza kilio bila kukaa na baba mudogo mbele, hapana. Huku kwetu muzee akishangazwa mbele ya bantu anasimama na anaenda, na siku yenyewe inaharibika, bantu watakumbuka bugomvi hawatakumbuka jina la kaka yako. Nenda kwake na kaye. Usiende na gitare. Umusomee majina, yeye anayajua, mengine ni ya bazazi bake. Kisha umuulize: mwezi wa nane nani atayaita?

Na yule mutoto mupigie telefoni. Unasema hajue kupiga, lakini umemuambia kama weye unataka kujifunza? Naona bado.

Buhene_Goma

Piga picha ya ile kaye LEO. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipopasuka, tulitoka na batoto na godoro moja. Koko, nyanya yetu, alikuwa na daftari ya nyimbo za kanisa na majina ya bote benye alizalisha, alikuwa mukunga, miaka na miaka ya kazi. Lava ilipita ku nyumba. Mupaka leo anatuuliza kama tuliibeba.

Pigia picha inje ku kivuli, ukurasa moja moja, kisha utume picha kwa bantu batatu tofauti. Usitie skochi, usiplastifie, inaharibu karatasi.

Muzee_Likasi

Dada, juu ya luga. Usiitoshe mu Kiswahili. Mu 1965 pale pale Elisabethville bazee benye balitumikaka ku manyumba ya bazungu, baboi na bapishi, balikuwa na chama chao, na André Yav aliandika historia ya muji kwa Kiswahili chao wenyewe, vile banasema. Kiswahili cha kazi, na maneno ya Kifaransa ndani. Kisha baprofesa ba mbali balikuja kuisoma na kuitafsiri, na muzuri yake yote ni ile luga. Bajukuu bako uwaandikie Kifaransa pembeni, ku ukurasa wa mukono wa kushoto, lakini majina na maneno ya baba yabaki vile.

Na ujirekodi. Mwenda wa Bayeke alipigaka gitare hapa kwetu ku Jadotville (njo Likasi ya leo), 1952, Hugh Tracey akapita na mashine yake ya kurekodi akamushika. Ni juu ya ile siku moja kijana wa leo anaweza kusikia ile gumba. Balikuwa bengi benye kupiga mu makambi ya reli na ya mugodi, hakuna mutu aliwapitia na mashine. Baba yako labda ni moja wao.

MamaEstelle

Mi ya kwangu ni fupi. Nilifunga mwaka jana, mwalimu kama weye. Dosiye iandae sasa, usingoje mwezi wa saba: barua ya kwanza ya kuingizwa ku kazi, numero ya matrikile, na angalia kama tarehe yako ya kuzaliwa iko sawa ku makaratasi yote. Ya kwangu ilikuwa tofauti ku mbili, nilizunguka miezi mitano. Kisha pale njo ukae na gitare na roho ya kutulia.

Mwalimu_Kamalondo

Asanteni sana, nimesoma yote, ingine nimeisoma mara mbili.

Nilipigia mutoto Kolwezi siku ya Mungu. Nilimuambia kama nataka kujifunza. Alinyamaza sana, nikazani reseau imekatika, kisha akasema "shangazi, niko na papa mu telefoni". Kumbe siku ya kumaliza kilio cha baba yetu alifilmu, dakika kumi na moja, mikono inaonekana vizuri, na kriyon, na sauti ya yaya mwenyewe anaita majina! Hakuweza kuitazama tangu azikwe. Akaituma usiku ule, nikakaa ku kitanda naangalia gumba ya kaka yangu mupaka telefoni ikazimika.

Anaomba kitu moja, ule mustari mutupu aandike yeye. Nimemuambia kaye itamungoja, aje na biki yake.

Ku baba mudogo nilienda na kaye vile Bukavu_moya alisema. Nilisoma, akanisahihisha jina mbili, moja lilikuwa limerukwa kabisa, dada ya koko mwenye alikufa mu njia. Juu ya gitare hakusema ndiyo. Alisema "rudi siku ya posho (samedi) usome tena". Nitarudi.

Tonton, waya zimefika, laini, namba 10. Mu video kriyon iko ku nafasi ya tatu, lakini nikiifunga pale waya ya ine inalia zzz. Ni mi nafunga vibaya ao ni shingo?

Tonton_Katuba

Sogeza kriyon karibu sana na kile chuma cha ku shingo, usiiache katikati ya vyuma viwili, na uzungushe lastiki mara moja zaidi. Ikilia tena niletee Katuba, niiangalie shingo, mama, hutalipa kitu.