Kaka anataka tung'oe zabibu ya asili aliyoacha mzee, naombeni ushauri kabla hatujaanza kupogoa

binti_wa_matanki:
Wakuu habarini, mnivumilie ni ndefu kidogo. Sisi ni familia, tuna shamba la mizabibu hekta 3 na kiwanda kidogo cha mvinyo alichoacha marehemu mzee. Kaka yangu anashika shamba, mimi nashika matanki, bi mkubwa anashika hela na hapo hakuna anayethubutu kugusa. Hekta 2 ni zabibu nyeusi ya asili, jina lake la kilugha tu na hatujawahi kuiona imepandwa kwingine, hekta 1 ni Merlot. Dawa za viwandani tuliziacha miaka 4 iliyopita, cheti cha kilimo hai tumekipata juzi juzi tu.

Sasa shida. Hii zabibu ya asili mvinyo wake kila mwaka unatoka mkali, tindikali inauma mpaka meno, na msimu uliopita ndo ikawa balaa, siku ya 2 tu ya kuchachuka tanki likaanza kunuka mayai viza, yaani ukifungua mfuniko unakimbia. Merlot kwenye tanki la pembeni iko safi kabisa. Mnunuzi alionja akarudisha glasi mezani hakusema kitu. Kaka akasema imetosha, tung'oe yote tupande Cabernet Sauvignon ambayo dunia nzima inaijua, hii ya kwetu mteja hata kutamka jina hawezi. Mimi roho inaniuma ila sina hoja, mama yuko kimya. Je nimuunge mkono kaka au kuna namna?

Kijiti:
Ng'oeni. Biashara sio makumbusho. Hisia hazilipi vibarua.

fundi_pipa:
Kabla ya kushika jembe nijibu maswali 2 dada. Salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, mara ya mwisho kaka alipiga siku ngapi kabla ya kuvuna? Na hizo zabibu mbili huwa mnazivuna lini na lini?

binti_wa_matanki:
@fundi_pipa nimempigia kaka sahivi. Salfa alipiga kama siku 10 kabla ya kuvuna, ubwiri unga (ule ukungu mweupe kama unga) ulitokea kwenye vishada vya ile ya asili mwishoni akaogopa, Merlot hakuipiga sababu ilikuwa safi. Kuvuna tunavuna zote wiki moja, wavunaji wanakuja mara moja tu tunamaliza.

fundi_pipa:
Basi zabibu yenu mnaionea bure kabisa.

Salfa ni dawa halali kwenye kilimo hai na kwa ubwiri unga inafanya kazi vizuri, ila ukiipiga karibu na mavuno vumbi lake linabaki kwenye maganda linaingia nalo kwenye tanki, chachu inaigeuza kuwa ile gesi ya mayai viza. Na zabibu nyeusi unaichachusha na maganda yake humohumo kwahiyo hakuna pa kukwepea. Wengi wanaacha salfa mwezi mzima kabla ya kuvuna, wengine zaidi. Sababu ya pili ni chachu kukosa chakula, juisi ikiwa na naitrojeni kidogo chachu inateseka na ikiteseka inanuka. Harufu ikianza usisubiri, hamisha mvinyo kutoka tanki hadi tanki uache ukutane na hewa mapema, na chachu uilishe. Ukiiacha miezi inageuka kuwa harufu ya mpira ulioungua au vitunguu vilivyooza na hapo kuitoa ni shughuli pevu. Ila msikurupuke kutia kitu chochote, muulizeni kwanza anayewapa cheti kipi kinaruhusiwa.

Hilo la kuvuna pamoja ndo limenichekesha na kunisikitisha. Nani kawaambia zinaiva siku moja?? Kuna kisa cha Chile, kule walikuwa na mizabibu wanaiita Merlot miaka na miaka, wanaivuna kwa kalenda ya Merlot, mvinyo unatoka na uchungu wa majani kama pilipili hoho mbichi. Mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, akatembea shambani akaangalia vizuri akasema hii sio Merlot, hii ni Carmenère. Ni aina ya zamani ya Bordeaux, kwao Ufaransa ilikuwa karibu kupotea tangu wadudu wa filoksera walipofyeka mashamba karne ya 19. Na inachelewa kuiva kuliko Merlot kwa wiki kadhaa. Walipoanza kuisubiri ndo wakajua wana kitu, leo wanajivunia. Sasa nyie aina yenu mnaijua, mnachokosea ni saa tu.

Kijiti:
Sawa fundi, harufu imepata maelezo. Lakini mteja hawezi kutamka jina, hilo nalo ni salfa?

fundi_pipa:
😂 Hapana hilo sio salfa. Ila angalia kaskazini mwa Italia, kuna zabibu nyeupe inaitwa Timorasso, wakulima walikuwa wanaing'oa maana inazaa kwa kusuasua, ikabaki kidogo sana. Miaka ya 1980 mkulima mmoja, Walter Massa, akang'ang'ania nayo akatengeneza mvinyo wake peke yake bila kuchanganya, majirani wakaona wakafuata. Hiyo Cabernet kila mtu anayo, mnunuzi mkubwa atakubana bei mpaka ukome kwa sababu akitoka kwako ana mlango wa pili na wa tatu. Cha kwenu kipo kwenu tu.

Kijiti:
Hao ni waliofanikiwa, waliofilisika hawaandikwi. Nasema tu.

mama_cheti:
Nachangia kwa upande wa kilimo hai maana watu wanaruka hapa. Mzabibu mpya mpaka ukupe mavuno ya maana ni miaka 3 au zaidi, kwahiyo hekta 2 mtazilisha bila kuvuna chochote, na cheti mmekitolea jasho ndo kwanza mnataka kuanza kukitumia. Kama kaka lazima aone Cabernet basi asing'oe, akate shina abebeshe vikonyo vya Cabernet juu ya mizizi iliyopo, inarudi kuzaa haraka kuliko kupanda upya. Na abebeshe safu chache tu ajaribu.

Alafu kitu ambacho hamjakifikiria, hiyo tindikali mnayoilalamikia ni mlinzi wenu. Mvinyo wenye tindikali nzuri unahitaji salfaiti (kile kihifadhi cha mvinyo) kidogo kuukinga usiharibike, wenye tindikali hafifu unahitaji nyingi. Nyie wa kilimo hai mmebanwa, Ulaya kwa mfano mvinyo mwekundu mkavu (usio mtamu) wa kilimo hai salfaiti yake haipaswi kuzidi miligramu 100 kwa lita, ule usio wa kilimo hai unaruhusiwa 150, na Marekani ukitaka kuandika mvinyo wa kilimo hai hutakiwi kuongeza salfaiti kabisa. Kwahiyo msiiue yote, ipunguzeni kwa kusubiri iive na kwa kuacha bakteria wageuze ile tindikali kali iwe laini baada ya chachu kumaliza kazi.

Na ubwiri mwambie kaka aushike mapema wakati vishada vichanga, apunguze majani yanayoziba vishada upepo upite. Akisubiri mwisho ndo anaingia kwenye huo mtego wa salfa. Kama ana tatizo la ubwiri vinyoya, ugonjwa mwingine wa majani na vishada, na anapiga dawa ya shaba awe na daftari, Ulaya kikomo ni kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7, ni wastani wa kilo 4 kwa mwaka, na mvua zikizidi hizo zinaisha unaona hivi hivi.

nyanya_chungu:
Mie sijui mvinyo ila mwenye hela ni mama. Ongea na mama kwanza dada.

binti_wa_matanki:
Wakuu narudi. Jana usiku nimewasomea huu uzi wote mezani, kaka amenuna lile la salfa (hapendi kuambiwa), baadae akasema kweli aliogopa. Ila @nyanya_chungu wewe una nyota, maana mama kasikiliza kimya mpaka mwisho alafu akasema, "Baba yenu alikuwa anavuna mara mbili. Nyeusi aliisubiri. Nyie ndo mliunganisha kwa sababu ya uvivu." Nikamuuliza mbona hukusema miaka yote hii, akanijibu hakuna aliyemuuliza.

Basi tumekubaliana hakuna kung'oa. Kaka kapewa safu 6 za pembeni abebeshe Cabernet yake, hapo nimeshindwa kumnyima. Hela ya kuleta wavunaji mara ya pili mama amesema itapatikana, na yeye akisema hivyo ujue ipo. @fundi_pipa sasa ili nijue imeiva, sukari ya zabibu nianze kupima lini?

fundi_pipa:
Vishada vikishabadilika rangi vyote subiri kama wiki 2 hivi ndo uanze, kila wiki, na karibu na kuvuna kila baada ya siku 2 au 3. Chukua punje za safu tofauti, za juani na za kivulini, usichague nzuri tu. Na usitegemee sukari peke yake, pima na tindikali, alafu tafuna mbegu. Ikiwa kijani na inakwaruza ulimi rudi nyumbani. Ikiwa kahawia na inavunjika kama karanga iliyokaangwa, ita wavunaji.