Mikia ya mapambo kwenye herufi: jina zima au herufi ya kwanza tu?

Swali, kutoka Majengo, Dodoma

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina steshenari ndogo na ninatengeneza kadi za michango na za mwaliko wa harusi. Bibi harusi mmoja alitaka majina yao yaandikwe kwa herufi kubwa tupu zenye mikia ya kujikunja, nami nikafanya hivyo. Kadi zilipotoka, NEEMA halikusomeka, na mkia wa Y katika YOHANA ulishuka mpaka mstari wa chini ukagusa kichwa cha tarehe 1, ikasomeka 7. Inabidi nichape upya kwa gharama yangu. Je, kosa ni la fonti, au kuna kanuni ambayo sikuijua?

Jibu la kwanza, mwandishi wa vyeti kwa mkono

Pole sana, dada yangu. Fonti haina kosa. Mapambo hayo yalizaliwa mkononi, katika mwandiko wa mlazo wa makarani wa Italia, ambao Ludovico degli Arrighi aliufundisha katika kijitabu chake cha mwaka 1522. Karani aliuachia mkia pale penye nafasi, yaani mwanzoni au mwishoni mwa neno, au kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa. Katikati ya neno nafasi hiyo haipo, kwa hiyo kila mkia humkanyaga jirani yake, na jicho linashindwa kutofautisha mwili wa herufi na pambo lake. Herufi kubwa ya namna hiyo imekusudiwa kufuatwa na herufi ndogo zilizotulia. Andika Neema, N peke yake ipambwe. Ukipenda sana, ongeza mkia mfupi kwenye a ya mwisho.

Jibu la pili, msanifu wa machapisho

Naongezea kwamba programu nyingi za usanifu hutoa maumbo mbadala kwa kila herufi, hivyo chagua herufi moja badala ya kuwasha mapambo kwa neno zima. Pia chapa kadi moja kwanza kwa ukubwa wake halisi, kwa sababu kwenye karatasi yenye mparuzo mistari myembamba hukatika.

Muuliza swali

Asanteni sana. Nimepamba N na Y tu, na tarehe nimeishusha milimita 6. Mkia wa Y sasa unapita chini ya jina lote bila kugusa kitu, na 1 inasomeka 1.