Wafugaji wa broila, asubuhi mnawapa dawa, jioni mnatuuzia. Mnatuonaje?

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mtanivumilia.

Kila uzi wa kuku wa kisasa unaishia kwenye homoni. Eti wanachomwa sindano, eti ndiyo maana wanaume tunaota matiti. Hebu tuache hizo. Nani ana muda na hela ya kumchoma sindano kuku mmoja mmoja kwenye banda la kuku elfu mbili, halafu amuuze kwa elfu nane? Ukuaji ule ni mbegu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo yao mwaka 2014: walilea mbegu ya mwaka 1957 pamoja na ya mwaka 2005, chakula kile kile. Siku ya 56 yule wa zamani alikuwa na gramu 905, wa sasa kilo 4.2. Homoni hakuna.

Sasa mwili wa namna hiyo unabebwa na miguu ya mtoto. Broila wa wiki tano ni kifaranga aliyenenepa, bado analia kama kifaranga. Taa inawaka usiku kucha ili asiache kula, maranda yamelowa kinyesi hadi ukiingia bandani macho yanakuwasha, na yeye kashachoka kusimama, kalala humo humo. Mnaopenda miguu ya kuku pale kijiweni, kabla hujaanza kutafuna igeuze uangalie unyayo. Lile doa jeusi lililochimbika katikati siyo uchafu wa jiko. Ni kidonda, kaunguzwa na amonia ya kinyesi alichokanyaga siku zote za uhai wake. Angalia na pale kwenye kifundo, utaona alama ya kahawia. Sisi tunauliza nani kachinja. Hatuulizi kaishije, wala kala nini.

Na hapo kwenye kala nini ndipo nilipochafukwa. Tulikuwa na shughuli ya familia, nikaenda kuchukua kuku bandani moja kwa moja ili kukwepa madalali. Wakati kijana anawakamata na kuwafunga miguu, naona maji kwenye vinyweshea yana rangi ya njano. Nauliza, naambiwa "vitamini tu hiyo, bro." Pakiti yenyewe ilikuwa imetupwa pale pale mlangoni. Nikaiokota. Oksitetrasaiklini, antibayotiki hiyo. Nyuma imeandikwa wazi usichinje kwa ajili ya kula mpaka zipite siku saba tangu dozi ya mwisho. Kuku wangu walikuwa wanainywa wakati mimi nahesabu hela! Mwenye banda alipopigiwa simu akanijibu kwamba wateja wote wanachukua hivyo hivyo na hakuna aliyewahi kufa.

Hakuna aliyekufa kwa kula paja moja, sawa. Ila tuongee kuhusu enrofloxacin, antibayotiki nyingine ya mifugo, maana hiyo nayo ukienda duka la dawa za mifugo unapewa kama unanunua biskuti. Ni ndugu wa damu wa sipro, antibayotiki ya binadamu, ile ile unayoandikiwa ukiwa na UTI au taifodi. Marekani, nchi ya mabanda makubwa kuliko yetu yote, iliipiga marufuku kwa kuku mwaka 2005 baada ya kuona bakteria wa kuharisha wanaotoka kwa kuku wameshakuwa sugu kwa sipro ya binadamu. Ulaya ilikataza antibayotiki za kunenepeshea mifugo tangu Januari 2006. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 likasema wazi: acheni kuwapa antibayotiki wanyama wasioumwa. Sisi tunawapa siku ya kwanza kifaranga anaposhuka kwenye boksi, "ya kuzuia."

Kuzuia nini? Mdondo ni kirusi. Gumboro ni kirusi. Unaweza kumwagia banda zima antibayotiki na mdondo ukapita nao wote, kinga yake ni chanjo. Najua wengi mmeingia na mkopo, na ukiamka ukakuta kuku mia wamelala unachanganyikiwa, unanunua chochote utakachoambiwa na muuza duka. Hilo nalielewa kabisa. Kumuuzia mtu kuku akiwa kwenye dozi ni jambo lingine, hapo hujachanganyikiwa, umepiga hesabu.

Mtakuja na "pika vizuri." Moto unaua bakteria, kweli. Kabla ya moto kuna ubao ulioukatia kuku na dakika mbili baadaye ukakatia nyanya za kachumbari. Kuna kisu, kuna mikono ya dada wa kazi aliyenyonyoa. Kuna mbolea ya kuku inayomwagwa kwenye mchicha. Na mabaki ya dawa yenyewe si yote yanaisha kwa kuchemshwa. Huu usugu wa dawa siyo hadithi, makadirio yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet yanasema mwaka 2019 peke yake uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Uganda mwaka 2023 mamlaka yao ya dawa ilikiri mbele ya wabunge kwamba kuna wafugaji wanawapa nguruwe na kuku ARV. ARV jamani! Angalau wao lilifika bungeni. Kwetu Tanzania mwaka 2017 tulichoma vifaranga 6,400 pale Namanga kwa sababu vimetoka Kenya na tunaogopa mafua ya ndege, nchi nzima ikajua. Ukali ule wa mpakani mbona haufiki kwenye vinyweshea vya hapa ndani? Mwaka 2019 TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ikawa TMDA, dawa zikabaki huko, chakula kikaenda TBS, shirika la viwango. Kuku aliyejaa dawa ni wa nani hapo? Ni dawa au ni chakula? Sijawahi kuona mtu anachukua sampuli ya nyama sokoni, nimezaliwa mji huu huu.

Na msiniletee "kama hutaki nunua kienyeji." Kienyeji sasa hivi ni bei ya nani? Mama mwenye watoto wanne anunue broila lenye dawa kwa sababu hana hela, halafu mtoto akiumwa sipro isifanye kazi, apelekwe wapi?

Wafugaji mliopo humu, jibuni swali moja bila matusi na bila kuniita mchawi wa biashara: toka dozi ya mwisho mpaka siku ya kuuza, mnaacha siku ngapi? Na mteja akija siku ya tatu na hela mkononi, mnamrudisha?